Mkono wa Yohana ukutani

Mkesha wa Krismasi, 1917

Basi leo nimeshinda nikijisifu kwa bidii yangu. Kila mwaka tunaupaka ukuta wa sebule chokaa mpya, kisha kila mtu anachovya mkono katika udongo mwekundu na kuupiga hapo. Ndilo pambo letu. Nimepaka kote, hata juu ya mkono wa mwanangu Yohana wa mwaka jana.

Yohana alichukuliwa Machi kubeba mizigo vitani. Posta ya Malindi wamechoka kuniona, barua hakuna.

Mke wangu aliutazama ukuta. "Baba Yohana, umemfuta mtoto."

"Atarudi apige mwingine."

"Kakwambia nani?"

Nilikwenda kuosha brashi ya chokaa. Naogopa.

Baada ya chakula nilimkuta akikwangua chokaa kwa kijiko, akitafuta wekundu. Nikachukua kisu nimsaidie, ila hakuna kati yetu aliyekumbuka mkono ulikuwa wapi hasa.