Kanda ya Kapteni Ndoo

Nyumba ya Nyuma ya Karakana,
S.L.P. 72.
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu na watoto hawajambo? Na ule mkono uliouunguza kwenye tanuri la mikate umepona, au bado unajifanya daktari wa kujitibu mwenyewe? Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi, ila mdomo mzima kabisa. Juzi kamwambia daktari kwamba mwandiko wake ni aibu kwa waliomsomesha.

Najua nimekaa miezi saba bila kukuandikia. Usinikasirikie kwa hilo. Yapo makubwa zaidi ya kunikasirikia, na nitafika huko.

Karakana ya baba tumempangisha fundi wa simu. Ni mtu mpole, ila kuta kazipaka rangi ya machungwa, nikipita asubuhi nafumba macho. Rafu ambayo baba alipanga televisheni na deki za wateja bado ipo, amekataa kuing'oa, anasema imefungwa vizuri mno. Mpwa wako naye anasomea upimaji wa ardhi. Anapima kila kitu humu ndani, na wiki hii ametutangazia kwamba meza ya chakula imepinda.

Sasa nikupe lililonitokea. Wiki iliyopita nilipita kwa muuza vitabu chakavu kutafuta kamusi ya wanafunzi wangu. Chini ya kamusi nikakuta kijisanduku cha diski, na juu ya jalada amesimama nani? Kapteni Ndoo! Ndoo kichwani, joho limenaswa na mlango wa lifti, na yule jogoo wake anayeogopa kuruka kamng'ang'ania begani. Vipindi vyote kumi na viwili vya katuni yetu. Nilicheka peke yangu mpaka muuzaji akaniuliza kama niko salama. Nikanunua sanduku, kamusi nikaisahau palepale.

Jioni ile ile nikaziweka, mimi na mama sebuleni. Picha inang'aa, ile mistari myeupe iliyokuwa ikipita kwenye kanda yetu ya video hakuna. Na kwa kuwa lugha ile sasa ndiyo ninayoifundisha, kwa mara ya kwanza nilielewa wanasema nini. Kasuku, wanasema vitu vya kawaida kabisa! Unakumbuka kipindi cha jambazi anayeiba milango ya mji mzima? Pale Kapteni, ndoo imemfunika macho, anapogonga tumbo la askari, kumbe anasema, "Fungueni, nimekuja kuwaokoa." Basi, ndiyo hayo tu. Wewe ulimsemesha, "Hodi wenyewe! Mbona mlango wenu una kitambi?" Na jogoo wao anasema tu, "Upande wa kushoto, Kapteni." Wa kwako alisema, "Kushoto, bosi. Hapana. Kushoto kwingine."

Mama alitazama kama robo saa, mikono mapajani. Kisha akasema, "Hii siyo."

Nikamwambia, "Ndiyo yenyewe, mama. Tena hii ndiyo ya asili."

"Ya asili ni ya mwanangu. Zima hiyo sauti."

Nikaizima kwa rimoti. Basi mama yetu, na miaka yake sabini na miwili, akaanza kuyasema maneno yako kwa ile sauti yako ya puani. Vipindi viwili karibu vyote anavijua kwa moyo. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikaona hayakomi.

Hayakukoma kwa sababu mama alipochoka alisema, "Baba yenu naye. Angekuwa mwangalifu siku ile, tungekuwa nayo kanda mpaka leo."

Amekuwa akiyasema hayo tangu tukiwa watoto. Aliyasema hata wiki ya msiba wake, watu wamejaa ndani. Mimi kila mara huitikia "mmh" na kwenda jikoni, kana kwamba nimeacha kitu motoni.

Kasuku, baba hakuifuta kanda yako. Niliifuta mimi.

Maji nimeshayavulia nguo, sina budi kuyaoga, kwa hiyo nakuandikia yote. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alikuchomekea maikrofoni kwenye deki ya karakana, na kwa wiki tatu ukawa unaingiza sauti zako juu ya picha, kipindi baada ya kipindi, maana sisi sote hatukuielewa lugha ya katuni ile. Jumatatu ulikuwa uipeleke kanda kituo cha redio, walikokuwa wakitafuta watoto wa kuigiza. Ulipomaliza, baba mwenyewe alikivunja kile kijino cha plastiki mgongoni mwa kanda, ili asitokee mtu wa kurekodi juu yake. Nyumbani kwetu hakuna asiyejua maana ya kijino kilichovunjwa. Sisi watoto wa fundi tulilijua hilo kabla ya kujua kusoma saa.

Mimi Ijumaa nilikuwa na mtihani wa lugha, na Alhamisi alfajiri televisheni ilitoa somo la mwisho la marudio. Nilichukua kanda yako. Plasta niliyokuwa nimebandika kisiginoni nikaibandua, nikaziba nayo lile tundu la kijino, deki ikakubali kurekodi. Nilijiambia nitakula dakika chache za mwanzo tu. Nikasinzia kwenye kiti, na nilipoamka kanda ilikuwa imefika mwisho. Alikuwemo mwalimu, taarifa ya habari, na bwana mmoja anayeeleza namna ya kutunza kuku.

Nimejaribu miaka yote hii kujitetea kwamba sikuwa na kanda tupu. Ni kweli sikuwa nayo, lakini kanda ya mpira ya baba ilikuwa palepale kwenye rafu. Nilichukua ya kwako kwa wivu. Wageni wakija wanakuita wewe uwasemee Kapteni, na mimi niliyekuwa nikikesha naisoma lugha yenyewe hakuna aliyeniuliza hata neno moja. Niliona unabuni uongo na unashangiliwa. Nilikuwa mkubwa, nina akili zangu, na nilijua ninachokifanya.

Jioni ulipoiweka kanda akatokea mwalimu na fimbo yake ubaoni, ulipiga yowe mpaka mteja akatoka nje. Baba akaja, akaitoa, akaigeuza, akaiona plasta. Akanitazama mguuni. Kisha akaibandua, akaitia mfukoni, akakwambia, "Ni mimi, mwanangu. Nilikuwa najaribu deki ya mteja." Baadaye aliniita peke yangu. Hakunigombeza. Alisema, "Fanya mtihani wako kwanza. Ukimaliza, mwambie mwenyewe."

Mtihani nikaufanya, nikafaulu, nikapigiwa makofi. Jumamosi sikukwambia. Jumapili sikukwambia. Jumatatu ukaenda redioni mikono mitupu, wakakutaka uigize hapo hapo mbele yao, ukashindwa hata kufungua mdomo. Uliporudi hukulia. Ulikula, ukaosha sahani yako, na tangu siku hiyo sikukusikia tena ukimsemea mtu yeyote humu ndani. Jina la Kasuku likabaki, kasuku mwenyewe kanyamaza. Nami kila mwezi uliopita ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi, mpaka nikajidanganya kwamba umeshasahau.

Hukusahau. Siku ya kuondoka kwako mlikuwa mkigombana na baba juu ya chuo ulichokiacha, na pale mlangoni, begi begani, ukamwambia, "Wewe hata sauti yangu uliifuta." Mimi nilikuwa nyuma yako nimekushikia chupa ya maji. Baba akanitazama. Alisubiri niseme. Nami, Mungu anisamehe, nilisubiri aseme yeye. Ukashuka ngazi.

Niliiacha barua hii hapo siku nne. Leo ni Alhamisi.

Nilikuwa nimepanga niiposti kwanza ndipo nimwambie mama, nisipate mwanya wa kughairi. Nikaona huo nao ni ujanja ule ule. Juzi Jumanne nilimkuta anakunja nguo, nikamweleza nikiwa nimesimama. Akaniuliza jambo moja tu, "Na yeye alijua?" Nikasema alijua siku ile ile. Akasema, "Nami nimemsema mpaka kaburini." Akaendelea kukunja shati lile lile, analikunja, analikunjua, analikunja. Tangu hapo haniiti mwanangu. Ananiita "mwalimu", kwa adabu kabisa, kama mzazi aliyekuja shuleni kuulizia matokeo. Nimestahili.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Kusamehe kwa karatasi ni rahisi kwangu mimi, si kwako. Siku ukija utaniambia lolote unalotaka, nami sitakwenda jikoni.

Diski nilitaka kukutumia, mama amezificha. Anasema kama unazitaka uje uzitazame hapa, sauti ikiwa imezimwa. Kipindi cha mwisho Kapteni anavua ndoo na kusema maneno marefu, na mama hakumbuki ulimsemesha nini pale. Aliniuliza mimi. Sikumbuki hata neno, Kasuku, na mimi ndiye niliyekuwa mtu wa mwisho kuishika kanda ile ikiwa bado na sauti yako.

Mama anakusalimu sana, pamoja na wifi na wajukuu zake. Mpwa wako anakusalimu, anauliza dari ya tanuri lenu ina urefu gani kwenda juu, usiniulize ni ya nini. Shemeji yako anakusalimu na anasema sandali ulizomtumia zimemtosha. Fundi wa simu hakujui ila naye anakusalimu, kwa sababu alinikuta naandika. Mungu akuweke, akupe nguvu mikononi, na mkate wako uumuke kila alfajiri.

Kabla sijaifunga bahasha, naomba jambo moja. Katika barua zako zote tangu uondoke, baba umekuwa ukimwandika "mzee wa hapo". Hata rambirambi yako ilisema, "Poleni kwa msiba wa mzee wa hapo." Mama aliisoma mara mbili akaiweka chini ya godoro, na ipo huko mpaka leo. Ukijibu barua hii, mimi niite jina lolote litakalokujia, hata la matusi nitalipokea. Yeye mwite baba.

Dada yako nikupendaye,
Mwalimu