Spika Mbili za Nyuma

Detroit, Michigan
Novemba 14, 2006

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao, zenye heshima na zenye haraka. Natumaini barua hii inakukuta u mzima, goti limetulia licha ya baridi, na fundi amekwisha kuliziba lile tundu la paa juu ya jiko kabla theluji haijaingia bila kubisha hodi. Shangazi Lurleen naye hajambo? Mwambie kofia aliyonifumia naivaa kila siku, hata darasani, hata profesa anaponitazama kama anayemtazama kuku aliyeingia kanisani. Mimi afya ninayo. Utulivu ndio sina. Chai nainywa ikiwa imepoa, kitabu nakifungua na kukifunga, na barua hii nimeianza mara nne tangu asubuhi.

Utauliza kwa nini naandika ilhali simu ipo. Naandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningefurahi kukatizwa. Tena ni wewe uliyetufundisha kwamba kilichoharibiwa kwa wino hakitengenezwi kwa mdomo.

Safu yangu katika gazeti la wanafunzi unaijua. Kila toleo unalikata na kulihifadhi katika kopo la biskuti. Kwa miaka miwili nimezihukumu diski za filamu na za matamasha, na mengi niliyoyasema bado nayasema. Nasema wanaotuletea filamu majumbani wanatudharau. Wanaichukua picha ya kale, wanaisugua hadi nyuso za watu zinang'aa kama mishumaa, kisha wanatutangazia kwamba imehuishwa. Haikuhuishwa; imepakwa dawa kama maiti! Zile chembechembe za picha wanazozifuta ndizo ngozi ya filamu, na anayechuna ngozi asijiite daktari. Wanamweka mwongozaji azungumze juu ya filamu yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, kana kwamba mpishi ameketi mezani pako akutafunie chakula. Na matamasha ndiyo msiba kamili: mpiga ngoma anaimwaga roho yake, kamera inakwenda kuchungulia viatu vya mpiga gitaa. Kuna moja la mwaka jana nililoandika kwamba limehaririwa na mtu aliyekuwa akifukuzwa na nyuki. Shavonne, ninayeishi naye chumba kimoja, alicheka hadi akashika ukuta, kisha akaniambia, "Corliss, shoga yangu, wewe siku moja utaihukumu hata taarifa ya hali ya hewa."

Juu ya safu hiyo, kila wiki, nilichapisha kanuni yangu: Nasikiliza mara tatu ndipo nahukumu. Ishike kanuni hiyo, Mama, maana nitairudia.

Mwishoni mwa Septemba tuliandamana kupinga kufungwa kwa maktaba ya mtaa. Vipaza sauti havikutosha. Nikazing'oa spika mbili za nyuma za chumbani kwetu, zile zinazokaa kwenye rafu nyuma ya kochi, nikazibeba kifuani hadi kwenye ngazi za maktaba. Nilihutubia kwa spika hizo hadi koo likakauka. Maandamano yalipokwisha zilifungiwa kabatini katika jengo la chama cha wanafunzi, nami nikazisahau kama mtu anavyousahau mwavuli jua likiwaka.

Wiki moja baadaye ikanifikia ile diski tuliyoingoja nyumba nzima: tamasha la Hosea Tarrant la mwaka 1974, ambalo Mzee Alvin Stackhouse alilinasa sauti usiku ule na kuilinda filamu yake miaka thelathini na miwili katika chumba cha chini cha nyumba yake, kisha akaitoa mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, pasipo kampuni wala mdhamini. Nilikuahidi nitaitazama kwanza mimi, nikupigie, nikwambie, "Mama, nimekuona." Nilikaa kwenye kochi na daftari. Nilimwona Tarrant, nikawaona wapiga tarumbeta, nikauona hata mvuke wa pumzi zao katika ukumbi ule wenye baridi. Wewe sikukuona. Bi Ernestine na Bi Floy, waitikiaji wenzako wa usiku ule, sikuwaona. Nikafumba macho nisikilize: Tarrant anaita, kisha kimya. Anaita tena, kimya. Mtu anayeita pasipo kuitikiwa kwa saa moja na nusu! Nikarudia mara ya pili, nikarudia mara ya tatu. Kimya kile kikanipanda kichwani kama homa.

Niliyoyaandika unayajua. Nilisema wanawake watatu wamezikwa wakiwa hai. Nilisema kisu kilichowakata ni kilekile kinachotukata kila siku, ila safari hii kimeshikwa na mkono mweusi, tena mkono unaokaribishwa mezani petu. Nilimtaja jina. Siku nne baadaye tulikuwa watu themanini mbele ya duka la diski, na mwenye duka akaziondoa rafuni, akazifunga katika maboksi, akazirudisha kwa mwenyewe.

Mzee Stackhouse alikuja pale. Alivaa ile kofia yake ya Jumapili, akangoja hadi nilipomaliza sentensi, kisha akauliza kwa upole, "Binti, umesikilizia spika ngapi?" Nami, Mama, nikamgeukia huku umati ukinitazama, nikajibu, "Mzee, usinihesabie spika, nihesabie wanawake!" Watu wakaangua kicheko. Kijana mmoja akapaza sauti, "Mpelekeni mzee akapate supu yake!" Sikumkemea. Mzee aliivuta kofia hadi kwenye nyusi, akaondoka akitembea pembeni mwa njia kama mtu anayepita msibani.

Wiki hiyohiyo mama mmoja wa Flint alituandikia gazetini. Alisema ameitazama diski ile katika runinga yake kuukuu, iliyo ndogo kama boksi la mkate, na anawasikia wanawake watatu waziwazi, mmoja akiwatangulia wenzake. Mhariri aliniuliza tuichapishe. Nikamwambia huyo bila shaka ni mke wa binamu ya Stackhouse, nikaikunja barua, nikaitupa.

Nawe ukapiga simu. Ulisema maneno mawili tu: "Basi walinifuta." Shangazi Lurleen alinieleza baadaye kwamba umeishusha ukutani picha yako ya usiku ule wa tamasha, ile ya gauni la kijani, na kwamba umemwandikia Mzee Stackhouse asije tena kwako Sikukuu ya Shukrani. Miaka kumi na tisa, tangu azikwe mkewe, hajaikosa meza ile na pai yake ya viazi vitamu iliyoungua kingo. Nami nilipolisikia hilo nilijisifu. Nilisema moyoni, Mama naye ameamka.

Sasa nisikilize, Mama. Shavonne alikwenda katika jengo la chama kutafuta mabango, akazikuta spika zetu kabatini. Akazileta, akazichomeka, akaniambia, akijifuta vumbi, "Haya, mheshimiwa, vyombo vyako vimerudi kutoka vitani." Nilikuwa nimekwisha kuiweka ile diski katika deki ili niandike shambulio la pili. Tarrant akauita wimbo wa nne. Akanyamaza, kama anavyonyamaza. Na nyuma ya kisogo changu, Mama, ukaimba.

Niligeuka. Naapa niligeuka nikidhani umeingia na begi lako, umepanda basi bila kuniambia. Hapakuwa na mtu isipokuwa Shavonne ameshika waya. Ukaitikia tena, ukiwatangulia Bi Ernestine na Bi Floy kwa nusu pumzi, vilevile unavyoitangulia kwaya nzima kila Jumapili hadi mchungaji anakukazia macho. Ulikuwa na miaka ishirini na moja. Ndio umri wangu. Niliketi sakafuni.

Ilikuwa hivi: nilipoziondoa spika za nyuma, amplifaya, mashine inayozigawia spika sauti, haikujua. Iliendelea kuipeleka sauti ya nyuma katika waya zisizo na kitu, na ninyi watatu mkawa mnaimba ndani ya waya hizo kila niliposikiliza, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Runinga ya yule mama wa Flint hukusanya sauti zote katika kinywa chake kimoja, ndiyo maana ilisikia kile ambacho vyombo vyangu vya kujivunia havikukisikia.

Ningeweza kukomea hapo, ukasema ni ajali, ukanisamehe kabla ya kumaliza ukurasa. Lakini mzigo wenyewe uko hapa. Shavonne alizileta spika zile tarehe mbili Novemba. Tarehe tisa palikuwa na mkutano mkubwa wa wanafunzi, watu mia tatu, nami nilikuwa msemaji mkuu. Nilipanda jukwaani nikijua. Nikasema tena kwamba mlifutwa. Nilimtaja tena kwa jina. Nilishangiliwa, Mama, nikainua ngumi, na wakati ule wote sauti yako ilikuwa ikiniimbia kisogoni. Shavonne alitoka ukumbini katikati ya hotuba. Tuliporudi chumbani hakugomba. Alisema tu, "Siku zote unauliza nani amewanyamazisha wanawake hawa. Leo wewe umewanyamazisha kwa makusudi." Tangu hapo ananisalimu kama jirani wa lifti.

Sina utetezi. Nilikuwa nimezoea kuwa sahihi, na nilipoona usahihi unanitoka niliung'ang'ania kama mlevi na mlango.

Jana nilimpelekea mhariri kanusho, nikamtaka alichape ukurasa wa kwanza, kwa herufi za ukubwa uleule wa tuhuma, pamoja na maneno ya yule mama wa Flint kadiri ninavyoyakumbuka. Safu nimeiacha. Mhariri alisema, "Dada, hivyo si lazima, watu watasahau." Nikamwambia yupo mmoja ambaye hatasahau.

Kisha nikaenda kwa Mzee Stackhouse. Alifungua mlango bila kuutoa mnyororo. Nilisema yote pale barazani, theluji ikiniangukia, na sikupamba neno hata moja. Alipoutoa mnyororo sikustahili kuingia, lakini niliingia. Maboksi yamepangwa ukumbini hadi dirishani. Hakunigombeza. Aliuliza jambo moja, akikutaja kwa jina lako: "Odessa anadhani nilimfuta?" Nilipoitika kwa kichwa, aliketi juu ya boksi mojawapo, akaivua kofia, akaizungusha mikononi muda mrefu.

Yeye ndiye aliyenieleza nisilolijua. Ulituhadithia gauni, theluji, na kisigino kilichokatika ngazini. Mahali mliposimama hukuwahi kupataja, nami sikuwahi kukuuliza. Mhakiki asiyeuliza! Alisema Tarrant aliitaka ibada na si onyesho, na kanisani jibu hutoka kwenye mabenchi. Kwa hiyo aliwapandisha ninyi watatu katika roshani ya nyuma, juu ya vichwa vya watu. Kamera zilikuwa mbili, zote zikitazama mbele. Ndiyo maana picha haiwajui. Ila yeye aliwawekea kinasa sauti kule juu, akapanda mwenyewe kukifunga kwa kamba, na miaka thelathini na miwili baadaye akawarudisha palepale, nyuma, ili aliyekaa nyumbani akae katikati ya umati ule. Alifanya kazi miezi saba kwa ajili ya hilo. Na zaidi ya nusu ya kazi hiyo, Mama, ilikuwa kuisafisha sauti yako bila kuichuna ngozi.

Nimeifunga diski pamoja na barua hii. Usimngoje mtu mwenye vyombo vikubwa. Azima deki ya Shangazi Lurleen, iunganishe na runinga yako ndogo ya jikoni. Itatosha kuliko chumba changu chote. Nenda wimbo wa nne. Tarrant ataita, kisha atanyamaza. Usiondoke hapo.

Jumatano ya wiki ijayo, mkesha wa sikukuu, nitapanda basi la saa nane mchana. Mzee Stackhouse hajaahidi kuja. Alisema haingii katika nyumba aliyoandikiwa asiingie, na ana haki. Lakini ukimpigia simu wewe, najua viazi anavyo. Nimeviona mezani kwake, vimeoshwa, havina pa kwenda.

Nisalimie Shangazi Lurleen na wanakwaya wote. Nisalimie Bi Floy, umsomee ukurasa unaomhusu, maana naye nilimzika. Uirudishe ukutani picha ya gauni la kijani hata kama hutaki kuniona chini yake.

Mweke sahani yake, Mama. Mimi nitakula nimesimama.

Mwanao anayekuheshimu,
Corliss Pruitt