Kwa Kaka Nuhu, Aliyetafuta Mwisho wa Kazi

Chaki yako mlangoni imeanza kufutika. Niliiona asubuhi ya leo, kabla sijakumbuka ni tarehe ngapi. Mwaka mzima umepita, kaka Nuhu, tangu homa ikuchukue, na bado tunaufungua mlango ule taratibu tusiguse mahesabu yako. Tumechoka, lakini hakuna anayethubutu kuufuta.

Asubuhi ulimchotea mama maji, mchana ukafundisha, jioni ukarudi kwenye swali lako. Ulituambia kuna mashine nyingi, kila moja katika mji wake, zinazogawana kazi moja kubwa, na hakuna hata moja inayoiona kazi yote. Zitajuaje kwamba imekwisha? Ulitaka kanuni isiyokosea, hata mashine zikiwa elfu. Miaka sita uliitafuta. Chai ilipoa mkononi mwako.

Siku moja ulitufuata Gatete, ufukweni tunakoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, ukataka sisi wanawake tuwe mashine. Ukapita mkeka kwa mkeka ukiuliza, "Umemaliza?"

"Mwalimu, hesabu zako zitanuka ndagala!" shangazi Zuwena akakutania.

"Zinuke tu, shangazi. Watajua zimetoka kwetu Rumonge."

Shangazi akasema amemaliza, ukasonga mbele. Mkeka wa mwisho nao ukajibu ndiyo. Ukapiga makofi, ukageuka, ukakuta nyuma yako ndagala mbichi bado zimerundikana, hazijatandazwa.

"Nani amenidanganya?"

"Sisi? Hakuna, mwalimu!"

Ukanitazama mimi. "Mwavita, umeona kitu?"

"Hapana, kaka."

Tangu siku hiyo uliandika habari za mashine zinazosema uongo. Miaka miwili, daftari kumi na moja. Ulikonda. Homa ilipokuja haikupata shida.

Tunaokukumbuka ni mama yetu Hadija, mkeo Kaoutar, shangazi Zuwena, na mimi mdogo wako. Mwenyezi Mungu akurehemu. Siku zote uko nasi.

Kaka, hakuna aliyedanganya. Shangazi alikuwa amemaliza kweli. Ulipompa mgongo, jirani yake Agata, ambaye ulikuwa hujamfikia, alijipunguzia kazi, akammwagia beseni zima la ndagala mkekani. Ulipomfikia Agata, naye alikuwa amemaliza. Niliona yote. Niliishia darasa la tano, wewe ulikuwa mwalimu, nikaona haya kukuambia.