Mabati Yetu Mbele ya Kamati ya Karo

Alhamisi, Ruring'u. Baridi ya Julai, na Mlima haujaonekana tangu Jumatatu.

Leo nimeona kwa macho yangu jinsi uhitaji wa familia unavyopimwa.

Nimeitwa chuo cha ualimu, lakini bila msaada wa karo sitaenda. Kwa hiyo asubuhi mimi na Baba tulitembea hadi mjini Nyeri, tukaketi mbele ya kamati: wanaume wawili, mmoja wao mwenyekiti, na mama mmoja mwenye miwani. Mezani palikuwa na fomu yetu, iliyojazwa na chifu. Ekari ngapi. Ng'ombe wangapi. Miti mingapi ya kahawa. Watoto wangapi. Nyumba ya nyasi au ya mabati.

Mwenyekiti alipofika kwenye mabati aliweka kalamu chini.

"Mzee, wewe uko na mabati. Kuna watu hapa bado wanalala kwa nyasi."

Nilitamani kumweleza kwamba mabati yale yaliletwa na kikundi cha Mama. Wanawake kumi na wawili waliezekeana nyumba kwa zamu. Zamu yetu ilipofika, Baba alitoa misumari tu. Lakini hayo yangeandikwa wapi? Na nani aliamua kwamba paa ndilo linalosema mtu ana nini?

"Kwani wewe ni maskini?" mwenyekiti akamuuliza.

"Hapana," Baba akasema. "Mimi niko na shamba."



Nakiri: kwa dakika hiyo nilimchukia Baba. Nilitaka ajikunje, aombe, hata adanganye kidogo.

Yule mama akavua miwani, akamwita Baba kwa jina langu. "Baba Wangui, wacha hiyo fomu kwanza. Kwako watoto wanakula wangapi?"

"Tisa."

"Ati tisa? Hapa chifu ameandika watano."

"Watano ni wangu. Wanne ni wa ndugu yangu, alikufa. Fomu imeuliza watoto wangu."

Kisha mwenyekiti alichukua kalamu, akakata tano, akaandika tisa. Akauliza wangapi wanasoma. Baba akawataja kwa majina, mmoja mmoja, na wa marehemu ndio aliowataja kwanza.

Wamenipa nusu ya karo. Nusu nyingine Baba amesema itatoka kwa kahawa.

Nitaenda chuo!

Tukirudi tulipita uwanja wa Ruring'u. Hapo ndipo Baba akasema, bila kunitazama, "Nilifikiri wanataka niaibike mbele yako."



Siku moja huenda nikaketi upande ule wa meza. Nitamuuliza nini mtu kama yeye, na nitamuulizaje, binti yake akiwa pale anasikia?