Waridi Jekundu la Kilibula

Jumatatu, 4 Mei 1964
Nimenyunyiza maji ya sabuni. Vidukari, wale wadudu wanaonyonya majani, wamepungua. Waridi jekundu limeweka tumba moja kubwa. Yale madogo ya kando nimeyang'oa kwa kucha, hili lipate nguvu. Madamu niliyemtunzia bustani aliniachia mti huu alipoondoka, mwaka wa uhuru. Mwingine kama huu hakuna, si hapa mtaani Kilibula tu, Uvira nzima.

Chini ya pale mti ulipounganishwa na shina la waridi la mwitu, limechipuka tawi la mwitu. Nene, vijani saba saba kila jani. Waridi langu lina vitano. Jizi hilo! Linakula nguvu ya mti, na ua jekundu halitoi. Nitalikata kesho.

Alhamisi, 7 Mei
Sijalikata. Mvua, na mgongo.

Tangu jana hakuna gari lililofika kutoka Luvungi. Watu wanasema waasi wako barabarani. Mke wangu, Mama Feza, amefunga mizigo. Anataka tuvuke Burundi kwa dada yake. Nikamwambia tumba litafunguka Jumapili.

"Baba Feza, ile ua umeioa?"

Majirani wakacheka. Nimekasirika mpaka sasa.

Jumamosi, 9 Mei
Milio ya bunduki, mbali, upande wa Luberizi. Walionicheka wameshaondoka. Naogopa. Kuliacha waridi naogopa zaidi. Aibu kuandika, lakini ndivyo.

Jumapili, 10 Mei
Limefunguka. Zuri ajabu.

Mama Feza alilitazama, mzigo kichwani. "Haya, umeiona. Twende."

Tumekwenda.

Jumatano, 13 Mei. Bujumbura
Kwa shemeji. Nilisahau kukata hata kijiti kimoja cha kupanda. Mimi, mtu wa mawaridi!

Leo Mama Feza amefungua kitambaa kibichi. Ndani, kijiti cha waridi. Amekitoa majani yote, kama anavyoniona nikifanya.

"Minye nilijua weye utasahau. Nilikukatia ile yenye nguvu."

Nene. Nimekipanda nyuma ya jiko. Sikuuliza alikikata wapi.

Jumapili, 14 Juni
Kimeshika. Jani la kwanza limefunguka lote. Nimehesabu vijani. Saba. Nimehesabu tena.

Mama Feza alikuja na kopo la maji, ameinama, anacheka peke yake. Akauliza litatoa ua lini.

Nikamwambia litachelewa kidogo. Nikapokea kopo, nikalimwagilia.