Mguu Wako Haukuwamo Kwenye Orodha

Baba yangu,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia tena, lakini mkono umeshazoea kuanza hivyo.

Asubuhi hii shuka iligusa kidole gumba cha mguu wangu, nikalia. Mtu mzima na wajukuu wangu, nalizwa na shuka. Daktari wa Lindi anasema ni jongo, maradhi ya viungo. Kumbe ugonjwa wako ulikuwa na jina siku zote.

Unakumbuka tulipohamia kijiji cha ujamaa, tukaiacha mikorosho yako kule nyuma? Kwa kuwa nilimaliza darasa la saba na mwandiko wangu ulikuwa mzuri, wakanifanya katibu. Ulijivuna mpaka watu wa mji wa Nangurukuru wakajua. Kisha kamati ikakaa kupanga nani aruhusiwe kutokwenda shamba la kijiji: mwenye homa, anayeharisha, mwenye kidonda, mjamzito. Mzee mmoja akauliza, "Na viungo je?" Nikadakia, "Tukiweka viungo, wanaume wote watashinda vibarazani." Watu wakacheka. Viungo havikuandikwa.

Mguu wako ulipovimba ukawa mwekundu, hukunigombeza. Ulisema tu, "Mwanangu, huu si uvivu. Ungekuwa kidonda ungeniruhusu." Nikakujibu kwamba utaratibu ni wa wote, siwezi kumpendelea baba yangu. Nilijiona mtu wa haki sana.

Mkutanoni nikasoma majina ya watoro, na lako likiwamo. Ulisimama kwa mguu mmoja, umeshika bega la mama, ukaitika, "Nipo." Kesho yake ulikwenda shamba. Ulipalilia mihogo umekaa chini, ukijiburuta kutoka tuta hadi tuta. Nilikuona, baba. Nikaandika kwamba umefika, nikapita.

Ulikufa watu wakikuita mvivu, na aliyeanza kukuita hivyo ni mimi. Hilo linaniuma kuliko kidole hiki, na vidonge vya daktari havilifikii.

Leo binti yangu aliniona kitandani nikipapasa chini kutafuta viatu. Akaniondolea shuka mguuni taratibu, akasema, "Baba, leo pumzika, usiende popote." Hakuniuliza naumwa nini. Mimi nilikuwa na mdomo wa kukuambia hivyo, na kalamu ya kuandika nilikuwa nayo mkononi.

Mola akupumzishe mguu kwanza, kisha mengine yote.

Mwanao,
aliyekuwa katibu