Ukingo wa Roshani

Njiru, 4 Machi 2025

Mayi mpendwa,

Hujambo huko Chwele? Simu yako haishiki mtandao, ndiyo maana naandika. Mimi mzima, ila moyo haujatulia.

Karibu na Muthurwa wamebomoa jumba la kale. Nilipata ukingo wa roshani yake, chuma cha kumiminwa, mizabibu na maua mpaka unatamani kuyachuma. Umevunjika vipande vinne. Bi. Wanja, anayejenga hapa Njiru, atauweka kwenye ghorofa yake ukiwa mzima kabla ya Pasaka. La sivyo utaenda kwa wauza vyuma vikuukuu, ukayeyushwe. Nimeuchomelea mara tatu, na kila ukipoa unapasuka kando ya kiungo. Wachira, tunayeshiriki naye kibanda, anasema, "Triza, wachana na hiyo kitu, utatuaibisha." Nimeona haya, Mayi.

Mwanao,
Triza

Chwele, 13 Machi

Mwanangu,

Namshukuru Mungu u mzima. Kuku wanataga, na mwewe naye hajambo.

Mtoto akililia wembe, mpe. Uliukimbia udongo wangu, nikakuacha uende kwenye moto wako. Sasa nijibu: unachoma pale palipovunjika tu, kwingine kukiwa baridi, kisha unauacha upeponi? Chungu hakivumilii hayo. Sisi hukipasha joto chote kwanza, polepole, ndipo moto mkali. Kisha tunakifukia kwenye majivu hadi kesho yake, na mwenye haraka akachote maji. Chuma sikijui. Jaribu.

Mamako,
Nabalayo

Chwele, 9 Aprili

Mwanangu,

Habari za siku nyingi? Kimya chako kinanisumbua. Kama ukingo umepasuka tena, sema. Hajafa mtu.

Mamako

Njiru, 22 Aprili

Mayi mpendwa,

Nisamehe, na pole kwa wasiwasi. Niliapa kutoandika mpaka nijue.

Ukingo niliupasha wote juu ya makaa, nikauchomelea, nikaufukia kwenye majivu niliyoomba kwa kila mchoma mahindi wa Njiru. Kesho yake Wachira alikuja kucheka. Tukaufukua, akaugonga kwa nyundo, ukalia kama kengele. Akagonga tena. Kisha akaenda kuniletea chai.

Jumamosi tuliufunga ghorofa ya pili. Bi. Wanja aliuegemea kwa uzito wake wote, na si mtu mdogo. Haukutikisika. Akauliza kazi hii nilifunzwa na nani. Nikamwambia, na mama yangu, mfinyanzi. Nina furaha sina pa kuiweka.

Mwanao,
Triza

Chwele, 29 Aprili

Mwanangu,

Mimi hapa sijambo kabisa. Barua yako nimeisoma sokoni mara tatu, wanunuzi wa vyungu wakasubiri. Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Mwambie Bi. Wanja anipishe pale juu, nami nataka kuegemea.

Mamako